Kupeleka Komunyo kwa Wagonjwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale yanayorudi kila semina, kila baada ya Misa, na kila familia inapopata mgonjwa kwa mara ya kwanza. Wanaouliza ni wahudumu wapya, ndugu wa wagonjwa, na wakati mwingine wagonjwa wenyewe. Majibu yanafuata taratibu za Kanisa zima. Jimbo lako likiwa na utaratibu wake juu ya jambo fulani, ufuate huo.

## Mambo ya msingi

1. Mhudumu wa Komunyo asiye wa kawaida ni nani?

Ni mlei aliyepewa ruhusa ya kugawa Komunyo, ama kanisani ama kwa wagonjwa. Kanuni ya 910 ya Sheria za Kanisa (1983) inasema wahudumu wa kawaida ni askofu, padre na shemasi. Wengine wote, akiwemo akolito (mlei aliyepewa rasmi huduma ya altareni), si wa kawaida.

Jina hili huwachekesha watu. Bibi mmoja niliyekuwa nikimtembelea aliniuliza kwa huruma ni kitu gani kimenipata hata nisiwe wa kawaida. Maana yake ni nyepesi: mlei hafanyi kazi hii kwa sababu ya daraja takatifu, anaifanya kwa sababu wenye daraja ni wachache, wako mbali, au wao wenyewe ni wagonjwa. Wengi humwita "mhudumu wa Ekaristi", ila hati ya Vatikano iitwayo Redemptionis Sacramentum, ya mwaka 2004, iliomba tuliache jina hilo. Anayeadhimisha Ekaristi ni padre. Mlei anagawa kilichokwisha kuwekwa wakfu.

2. Walei walianza lini kupeleka Komunyo?

Kupelekewa Komunyo wasiokuwepo ni desturi ya zamani sana. Mtakatifu Yustino, akiandika Roma karibu na mwaka 155, anaeleza kwamba baada ya ibada ya Jumapili mashemasi waliwapelekea Ekaristi wale ambao hawakuweza kufika. Mapokeo yanamtaja pia Tarsisi, kijana wa Roma wa karne ya 3 aliyeuawa kwa sababu alikataa kuutoa Mwili wa Bwana aliokuwa ameubeba. Kumbukumbu yake ni tarehe 15 Agosti, siku ya Kupalizwa Bikira Maria, kwa hiyo mwaka hadi mwaka anapita bila kutajwa.

Baadaye kazi hiyo ikabaki mikononi mwa makleri kwa karne nyingi. Mlango ulifunguliwa tena kwa Kanisa zima tarehe 29 Januari 1973, wakati wa Papa Paulo VI, kwa hati iitwayo Immensae Caritatis.

Kitu kimoja hakijabadilika tangu Yustino: Komunyo ya mgonjwa inatoka kwenye meza ileile waliyokula wengine. Ndiyo maana parokia nyingi huwaita wahudumu mbele mwishoni mwa Misa ya Jumapili, wakapewa piksi zao (vichombo vya kubebea Komunyo) mbele ya wote, na kuondoka moja kwa moja. Nikiulizwa, nitasema huo ndio utaratibu bora. Kuchukua Hostia, yaani mkate uliowekwa wakfu, tabernakuloni (kisanduku cha kanisani inamohifadhiwa) Jumanne mchana kunaruhusiwa kabisa, lakini mgonjwa anayeambiwa "nimetoka Misani sasa hivi, na umeombewa kwa jina" huwa na uso mwingine.

3. Nikitaka kujitolea, naanzia wapi?

Kwa paroko. Hakuna anayejiteua. Kwa kawaida paroko hupendekeza majina, askofu au mwakilishi wake huyathibitisha, kisha hufuata mafunzo na ibada fupi ya kukabidhiwa huduma. Ruhusa huwa ya muda na mahali maalumu, kwa hiyo uliyepewa parokia hii huendi kugawa kwenye parokia nyingine. Padre anaweza pia kumteua mtu kwa tukio moja tu pakiwa na haja ya kweli.

Kinachotazamwa ni maisha ya sakramenti, sifa njema na uwezo wa kutunza siri. Sauti nzuri si sharti.

4. Wanawake wanaruhusiwa?

Ndiyo, tangu 1973. Tangu Januari 2021 Papa Fransisko aliwafungulia pia huduma rasmi ya uakolito.

5. Nani hasa anastahili kuletewa Komunyo?

Asiyeweza kufika kanisani kwa sababu ya ugonjwa, uzee, ulemavu au kulazwa. Si lazima awe mahututi. Mtu aliyevunjika mguu na atakayepona baada ya wiki sita anahesabika, na hana sababu ya kuona haya. Hana pia dhambi ya kukosa Misa ya Jumapili: ugonjwa unamwondolea wajibu huo, na wanaomuuguza vilevile. Nasisitiza hili kwa sababu wagonjwa wengi huanza mazungumzo kwa kuomba radhi.

## Njiani

6. Hostia inabebwaje?

Ndani ya piksi, kile kichombo kidogo cha duara chenye kifuniko. Piksi hutiwa kwenye mfuko wake wenye kamba, ukaning'inizwa shingoni na kulala kifuani. Ndani ya mfuko weka pia koporale ndogo, kile kitambaa cheupe cha kutandaza chini ya piksi. Usiitie piksi mfuko wa nyuma wa suruali wala kwenye mkoba pamoja na funguo na simu.

Kabla hujatoka, jaribu kifuniko. Piksi za zamani hulegea bawaba, na nimewahi kufika nikakuta Hostia tatu ziko ndani ya mfuko na piksi imeachama. Sikupoteza chochote, ila mikono ilitetemeka mpaka niliporudi.

7. Naweza kupitia dukani kwanza?

Hapana. Redemptionis Sacramentum, namba 133, inataka mwenye kubeba Ekaristi aende moja kwa moja kwa mgonjwa, akiweka kando shughuli nyingine zote. Basi, pikipiki au miguu, vyote ni sawa. Ukikutana na rafiki njiani, salimu kwa upole na uendelee. Huhitaji kujifanya bubu. Zima redio ya gari, nyamazisha simu.

8. Hostia zikibaki nifanyeje?

Hutokea: mgonjwa amelala, amepelekwa hospitali, au amekataa (tazama swali la 23). Zirudishe tabernakuloni siku hiyohiyo. Kanisa likiwa limefungwa au liko mbali mno, zile mwenyewe kwa heshima. Kisichoruhusiwa ni kuzilaza nyumbani kwako, hata kama una altare nzuri ya sala. Kanuni ya 935 inakataza mtu kukaa na Ekaristi au kutembea nayo pasipo haja ya kichungaji.

Piksi ikibaki na chembe, tia maji kidogo, yazungushe, yanywe, kisha kausha kwa kitambaa safi.

## Nyumbani kwa mgonjwa

9. Familia iandae nini?

Meza ndogo karibu na kitanda, kitambaa safi, mshumaa, msalaba ukiwepo, na glasi ya maji. Basi. Palipo na mashine ya oksijeni usiwashe mshumaa kabisa. Televisheni izimwe, kwa sababu hakuna kinachoivuruga ibada ya dakika kumi kama matangazo ya biashara.

Na nyumba isiyokuwa na chochote kati ya hivyo? Tandaza koporale yako juu ya kiti, weka piksi, anza sala. Usimpe mtu kazi ya kutafuta mshumaa huku mgonjwa akisubiri.

10. Ibada yenyewe inakwendaje?

Unasalimu: "Amani iwe katika nyumba hii na kwa wote wakaao humo." Unaweka piksi juu ya koporale, unaabudu kidogo kwa ukimya. Inafuata toba, kwa mfano "Nakuungamia Mungu Mwenyezi", kisha somo fupi la Maandiko. Injili ya siku hiyo inafaa kuliko zote, kwa sababu ndiyo waliyoisikia wengine kanisani. Baada ya maombi machache mnasali Baba Yetu.

Ndipo unainua Hostia na kusema maneno ya Mwanakondoo wa Mungu, na mgonjwa anajibu: "Ee Bwana, sistahili uingie kwangu, lakini sema neno tu na roho yangu itapona." Maneno hayo yanatokana na yale ya akida aliyemwombea mtumishi wake mgonjwa aliyelala nyumbani (Mathayo 8). Kanisani tunayasema kwa mazoea. Kando ya kitanda yako nyumbani kwao, na watu wengi hulia hapo. Usiharakishe.

Unasema "Mwili wa Kristo", naye "Amina". Kisha ukimya, sala ya mwisho, na kumalizia (swali la 11). Mgonjwa akiwa amechoka sana, kuna namna fupi: Baba Yetu, Mwanakondoo, Komunyo, sala. Kitabu cha ibada kinairuhusu, usione kama unadanganya.

11. Naweza kumbariki mgonjwa mwishoni?

Si kwa namna ya padre. Mlei hasemi "Bwana awe nanyi" wala hachori ishara ya msalaba juu ya watu. Anajifanyia ishara ya msalaba mwenyewe, akiomba pamoja nao: "Bwana atubariki, atukinge na uovu wote, atufikishe kwenye uzima wa milele." Tofauti iko kwenye "atubariki" badala ya "awabariki". Ni silabi moja tu, nayo inasema wewe umesimama upande gani.

12. Mgonjwa lazima afunge saa moja kabla ya kupokea?

Hapana. Kanuni ya 919 inawaondolea wazee, wagonjwa na wanaowauguza sharti la saa moja. Maji na dawa havivunji mfungo wa mtu yeyote, mzima au mgonjwa. Kwa hiyo uji aliokunywa nusu saa iliyopita si kikwazo.

13. Wanaomuuguza nao wanaweza kupokea?

Ndiyo, wakiwa Wakatoliki walio tayari kupokea, nao wamezuiwa kwenda Misa na kazi hiyo ya kuuguza. Uliza idadi siku moja kabla. Aliyekwisha kupokea asubuhi kanisani asipokee tena hapa, kwa maana mara ya pili kwa siku ni ndani ya Misa tu (kanuni ya 917). Hili linakuhusu nawe mhudumu: hupokei kila nyumba.

Kijana mzima wa afya aliyebaki kulala Jumapili na sasa anataka kujiunga, mkaribishe kwenye sala, na mwambie saa za Misa ya jioni.

14. Nikae muda gani?

Ukiwa na nyumba nyingine za kwenda, ibada na salamu zinatosha, kwa sababu bado umembeba Bwana kifuani. Panga wale wapweke wawe wa mwisho kwenye orodha. Kwa hao, piksi ikiwa tupu, kaa na usikilize habari za goti linalouma. Parokia ikikupa wagonjwa kumi na wawili kwa Jumapili moja, ongea na paroko: nyumba nne au tano kwa mtu mmoja zinatosha kabisa. Zaidi ya hapo unakuwa msambazaji wa barua.

## Hospitalini, na kwa wasiomeza vizuri

15. Hospitalini kuna tofauti gani?

Jitambulishe kwa muuguzi wa zamu kabla hujafika kitandani, na uulize jambo moja: huyu mgonjwa anaruhusiwa kula kitu? Anayesubiri upasuaji au aliyekatazwa kula asipewe hata kipande, mpaka wauguzi waseme ndiyo. Hostia haimlindi mtu na kupaliwa.

Osha mikono kabla na baada ya kila kitanda. Ukitumia dawa ya kusafishia mikono, subiri ikauke kabisa. Mimi sikusubiri siku moja, Hostia ikanigandia kwenye kidole na kumegeka nikiwa naitoa. Vaa barakoa ukiambiwa, na palipoandikwa usiingie, usiingie.

16. Hawezi kumeza Hostia nzima. Nifanye nini?

Mega kipande kidogo, hata cha ukubwa wa punje ya mchele. Kristo yumo mzima katika kila sehemu. Kipande hicho kiwekwe ulimini, kisha anywe maji au apewe kwa kijiko. Uliza kwanza kama maji yenyewe anayamudu.

Asiyemeza kabisa kitu kigumu anaweza kupokea katika umbo la divai peke yake (kanuni ya 925). Damu ya Kristo hubebwa kwenye chombo kinachofungika vizuri, na inayobaki hunywewa palepale. Mhudumu asiamue hili kivyake: panga na paroko. Hali kadhalika kwa anayelishwa kwa mpira.

17. Hostia ikidondoka au mgonjwa akiitema?

Ikidondoka mahali safi, iokote na uile mwenyewe, au umpe mgonjwa kama inafaa. Ikitemwa, au ikiwa haifai kuliwa, iweke kwenye glasi ya maji na uifunike. Ikishayeyuka kabisa na kupoteza umbo la mkate, maji yamwagwe kwenye sakrario ya kanisa (sinki maalumu ambalo maji yake huishia ardhini) au ardhini pasipokanyagwa. Futa mahali ilipoangukia kwa kitambaa chenye maji. Fanya yote polepole na bila kushtuka, kwa kuwa mgonjwa anakutazama na tayari amejisikia vibaya.

18. Mgonjwa amekatazwa gluteni.

Zipo Hostia zenye gluteni kidogo mno, nazo ni halali. Zisizo na gluteni kabisa si mada halali ya Ekaristi, yaani hazifai kuadhimishia sakramenti hiyo, na Vatikano ilikumbusha hivyo kwa barua ya Juni 2017. Tumia piksi ya peke yake, na mpe huyo kwanza kabla hujagusa Hostia za wengine. Kama hata kiasi hicho kinamdhuru, rudi swali la 16.

19. Mzee amepoteza kumbukumbu. Bado apewe?

Mara nyingi, ndiyo. Papa Benedikto XVI aliandika mwaka 2007, katika Sacramentum Caritatis, kwamba wenye ulemavu wa akili wapewe Komunyo inapowezekana, kwa maana wanapokea katika imani ya familia au jumuiya inayowasindikiza. Juu ya watoto walio katika hatari ya kufa, sheria inataka tu waweze kutofautisha Mwili wa Kristo na chakula cha kawaida, na kipimo hicho kinasaidia hapa.

Mtu asiyejua jina la mwanawe mara nyingi hufunga mikono akiiona Hostia, au humalizia Baba Yetu uliyoianza. Anza na sala anazozijua tangu utoto, katika lugha aliyofundishiwa. Siku nyingine atakuwa amefunga kinywa. Usimlazimishe, sali naye na urudi wiki ijayo.

## Mambo magumu

20. Mgonjwa anataka kuungama, au anaomba mpako. Mimi naweza?

Huwezi, hata kwa dharura. Mpako wa wagonjwa, yaani sakramenti ya kupakwa mafuta, hutolewa na padre peke yake (kanuni ya 1003), wala shemasi hana ruhusa. Chukua simu ukiwa bado mlangoni na umpigie padre. Usiseme "nitamwambia". Mgonjwa akianza kukusimulia dhambi zake, mkatize kwa upole. Ukishasikia, hakikuwa kitubio, lakini ni siri na utakufa nayo.

21. Anakaribia kufa.

Komunyo ya mwisho ina jina lake, Viatiko, yaani masurufu ya njiani. Mlei anaweza kuipeleka padre asipopatikana. Isicheleweshwe hadi mtu apoteze fahamu (kanuni ya 922), na aliyepokea asubuhi anahimizwa kupokea tena jioni hatari ikitokea. Familia huogopa kumwita padre wakidhani mgonjwa atakata tamaa. Kwa nilivyoona, mgonjwa huwa amejua kabla yao.

Aliyezimia hapewi Komunyo. Padre anaweza kumpaka mafuta.

22. Najua hali ya ndoa yake haijakaa sawa. Nimnyime?

Wewe si hakimu wake, na unachokijua huenda si kweli tena tangu mwaka jana. Wasiwasi wako mpelekee paroko kabla ya Jumapili, kimya kimya. Usimhoji mgonjwa kitandani, na usitangaze uamuzi wako mbele ya wanawe. Vivyo hivyo kwa jamaa asiye Mkatoliki anayenyoosha mikono: mwalike asali nanyi, mfundishe Komunyo ya kiroho, yaani kumwomba Kristo aje moyoni bila kupokea Hostia, na kama ana hamu ya kweli, padre yupo kwa ajili hiyo.

23. Leo amekataa kupokea.

Usimbembeleze wala usiulize kwa nini. Huenda ana kichefuchefu, huenda kuna jambo moyoni. Soma Injili, sali, ondoka. Mwambie padre kwamba mgonjwa angefurahi kutembelewa, basi.

24. Familia inaomba niwaachie Hostia wampe jioni akiamka.

Ombi hili linatoka kwenye upendo, na Wakristo wa karne za kwanza walihifadhi Ekaristi majumbani mwao. Sasa hairuhusiwi (swali la 8). Panga kurudi jioni, au umwombe mwenzako. Kama hali hii inajirudia, badilisha saa za ziara.

25. Nimeona dalili kwamba mgonjwa anateswa au ananyimwa chakula.

Hii si siri ya kutunza. Mwambie paroko siku hiyohiyo, na pale sheria inapotaka, toa taarifa kwa mamlaka. Hii ni sababu mojawapo ya kwenda wawili wawili. Sababu nyingine ni kukulinda wewe.

26. Wananipa pesa.

Rudisha kwa tabasamu. Wakishikilia, waelekeze kwenye mfuko wa parokia.

27. Nimefika, amekwisha kufariki.

Hostia haiwekwi kinywani mwa marehemu: mtaguso (mkutano wa maaskofu) wa Karthago ulilikataza hilo mwaka 397. Acha piksi kifuani, piga magoti na familia, sali zaburi au rozari fungu moja. Usitoe hotuba. Mpigie padre kama hajaitwa, rudisha Ekaristi kanisani, kisha futa jina kwenye orodha siku hiyohiyo, ili Jumapili ijayo mwenzako asije akabisha hodi kwenye nyumba ya msiba akimuulizia mgonjwa.